Mengineyo

Kikao chetu cha Jumatatu, ofisini Chumbageni,
huanza kwa sala, ikaja kufungua, ikaja kuthibitisha
yaliyokwisha kuthibitishwa, yakaja yatokanayo,
yakaja mafuta ya gari na risiti za mafuta ya gari,
na mwisho kabisa, namba saba, mengineyo.
Ikifika mengineyo sambusa zimeshaingia.
Watu wamesimama nusu. Mwenyekiti anafunika kalamu.
"Kuna mengineyo?" huuliza,
kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha.

Miaka miwili mimi nilikuwa mengineyo.

Kazi yangu daftari. Shirika letu linagawa miwani
kwa wakata mkonge, walioingia kwenye mistari ile
macho yao yakiwa mapya.
Gari linatoka Jumanne. Siku zote Jumanne.
Walioandikishwa arobaini na mmoja, waliofika kumi na wawili.
Walioandikishwa thelathini na wanane, waliofika tisa.
Ripoti kwa wafadhili ikasema: mwamko wa jamii bado mdogo.
Niliichapa mwenyewe sentensi hiyo, kwa vidole hivi,
na nilijua si mwamko.
Jumanne hupimwa kazi. Asiyekata Jumanne, Jumamosi hali.
Bi Mwanamvua wa kambi ya pili aliniambia, wala hakukasirika:
"Mnatuletea macho siku ya mikono."

Nikaandika karatasi, nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni,
lile la mbao, lenye kufuli dogo kama la tranka la shule.
Nikangoja.
Ufunguo, nilikuja kujua,
aliondoka nao mhasibu aliyehamia Dodoma.
Juu ya sanduku huwekwa chupa ya chai.

Nikamvizia Mkurugenzi mlangoni. "Wazo zuri," akasema,
"liandikie andiko."
Andiko lina viashiria, lina jedwali, lina matokeo tarajiwa.
Mimi nina kidato cha nne na daftari.
Wazo zuri: nimejifunza kuwa ni namna ya kuagana.

Aliyenifumbua ni Semkiwa, dereva.
"Usiwaombe wabadilishe," alisema, akipangusa kioo,
"waombe wakuazime. Alhamisi moja tu, gulio la Pongwe.
Mtu huogopa kutoa. Kuazima haogopi."

Jumatatu ile sikungoja namba saba.
Zilipofika risiti za mafuta nikanyoosha mkono.
Lita kumi na nne kila Jumanne, nikasema, kwa watu tisa.
Nikafungua daftari mbele yao. Nikanyamaza.
Sambusa zikaingia, hakuna aliyesimama.
Mhasibu mpya ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuta kikokotoo.

Alhamisi ya kwanza mvua ilituchapa;
tulipata watu sita na mbuzi wa mtu aliyejificha chini ya meza.
Nilirudi nimejikunyata kiti cha nyuma,
Semkiwa hakuwasha hata redio.
Ya pili, ishirini na watatu.
Ya tatu sikuwahi kuhesabu,
miwani ya namba mbili na nusu iliisha kabla ya adhuhuri.
Mama mmoja aliisoma bei ya dagaa kwa sauti,
akaisoma tena, taratibu,
akamgeukia muuzaji: "Kumbe!"

Sasa nina meza, na kibao mlangoni: Mratibu.
Jana alinifuata Kaniki, mlinzi wa usiku, kofia mkononi.
Alikuwa na jambo, kuhusu watu wanaofika saa kumi alfajiri
wakajilaza nje ya geti mpaka tufungue.
Nikamsikia mtu akisema, "Wazo zuri.
Tutalitazama kwenye mengineyo."
Nikageuka kutazama ni nani.

Hapakuwa na mtu. Kaniki alishafika kwenye ngazi,
ameshavaa kofia yake.
Nikamwita. Nikaishusha chupa ya chai,
nikammiminia, nikatafuta kalamu inayoandika.
"Anza upya," nikamwambia.
Akaanza na habari za mbu.
Sikumkatiza.